Nilivyomfuata Lugano kwa Walinzi wa Msitu wa Nyalembe

Tuliokuwepo ni hawa. Mimi mwenyewe, Tupokigwe, mama Lugano, wa hapa Mbalizi. Zuhura binti Salumu, muuza vitenge, jirani yangu tangu watoto wetu wakiwa wananyonya. Babu zake walitoka pwani, lakini yeye kazaliwa Mbeya na baridi yetu anaijua. Mzee Kalinga wa Iringa, ambaye marehemu mkewe, Atuganile, alikuwa binti wa shangazi yangu. Danda, mlinzi wa msitu aliyetuongoza. Mlinzi mwingine aliyekuwa akitembea nyuma yetu. Huyo nitamwita yule wa nyuma. Bibi Sekinyaga, mkubwa wa walinzi. Na Lugano, kitinda mimba wangu, ambaye ndiye niliyemfuata.

Nawaandikia ninyi wenzangu wa sokoni kwa sababu kila nikipanga nyanya zangu mnanizunguka: mama Lugano, ilikuwaje? Nikimweleza mmoja, mwingine anaikuta katikati, anakwenda kuitangaza anavyojua yeye. Sasa mtasoma wote sawasawa. Shule yangu mnajua ilipoishia, mwandiko mtauvumilia.

Mnakumbuka Lugano alikwenda Iringa kufanya kazi kwenye kitalu cha miche ya parachichi. Akawa anapiga simu, halafu akawa anapiga mara mojamoja, halafu ikaja sauti tu kwenye simu ya kaka yake Ambakisye: "Mwambie mama nipo Nyalembe, kwa Valolesi. Huku hakuna mtandao. Asiwe na wasiwasi."

Asiwe na wasiwasi! Nyalembe ni kile kijinchi kidogo cha milimani, mashariki ya Iringa, chenye mpaka wake na msitu wake wa mvua. Valolesi ndio walinzi wa msitu huo. Maana ya jina lao ni watazamaji. Wanateuliwa wachache kutoka kila ukoo, wanaume kwa wanawake, wanakula kiapo mbele ya Mungu, na kuanzia hapo adui yao ni yeyote mwenye msumeno. Hapa Mbalizi mlinieleza mengi. Kwamba mgeni akiingia hatoki. Kwamba anayetaka kuacha wanamkata ulimi. Sitasema nani aliyesema hilo la ulimi, mama Tumaini.

Ambakisye aliniambia, "Mama, usirudi bila yeye." Na mimi niliondoka nikiwa na neno hilo hilo: namfuata mwanangu, narudi naye.

Mbalizi mpaka Igawa

Kondakta wa basi alikuwa anaitwa Osea, ana jino la pembeni limevunjika. Nilimwuliza kabla sijapanda kama gari ni zima.

"Zima kabisa, bibi. Hili halijawahi kumsumbua mtu."

Tulipita Uyole, tukapita Chimala, tunaingia Igawa springi ikakatika, gari likalala upande kama ng'ombe mwenye mguu mbovu. Osea akasema, "Dakika kumi tu, bibi." Fundi akapanda pikipiki kurudi Chimala kutafuta springi nyingine. Sisi tukaenda kukaa kwa mama lishe, jina lake Mama Jeni, na hapo tulikaa mpaka kivuli cha kibanda chake kikahama upande.

"Wali wa wapi huu?" nilimwuliza.

"Wa Madibira, mama, mchele mpya wa mwaka huu."

Zuhura yeye alikuwa anauliza nyama. "Amechinja nani?"

"Hamisi."

"Hamisi yupi?"

"Hamisi tu, dada."

"Mtoto wa nani?"

Mama Jeni akaweka mwiko chini. "Dada, unataka kula au unataka kumposa?"

Abiria wote wakacheka, hata dereva Festo, aliyekuwa chini ya gari. Zuhura akala maharage. Mimi nilionja ule wali, ukanukia gunia. Mchele uliolala ghalani naujua, nimelima mpunga ujana wangu wote. Nikautoa mfuko wangu wa karanga nilizokaanga nyumbani, nikala hizo. Nikaweka moyoni: Osea kasema zima, si zima. Mama Jeni kasema mpya, si mpya. Na bado hata nusu ya safari hatujafika.

Iringa, kwa Mzee Kalinga

Mzee Kalinga alitupokea vizuri, siwezi kumsingizia. Alitupa ugali wa moto, njegere na maziwa, yeye akakaa na kikombe chake cha ulanzi, ile pombe yao ya mianzi.

"Shemeji, usiogope," aliniambia. "Valolesi ni watu wa dini. Wanamwomba Nguluvi, ndiye Mungu, asubuhi na jioni. Hata viatu wanavua kuingia msituni, kama huyu Bi Zuhura anavyovua msikitini."

"Sisi msikitini hatuingii na mikuki," Zuhura akasema.

"Mikuki ni kwa wakata mbao."

"Na sisi tutajuaje kama wanajua kutofautisha?"

Akacheka. Nilipoona anacheka nikamwuliza jambo lililonileta. "Mzee Kalinga, umewahi kumwona Lugano tangu aende huko?"

Akaacha kucheka. Akatazama ndani ya kikombe. "Nimeshapeleka habari kwamba unakuja," akasema. "Watakueleza wenyewe."

"Watanieleza nini?"

"Ni hapo tu, shemeji, si mbali. Kesho utafika."

Nilimjua Atuganile, alikuwa anasema mumewe hajui kuficha kitu. Ni kweli. Mtu anayechungulia kikombe ambacho hakina kitu anaficha. Nikamwambia Zuhura tulipokuwa tunatandika, "Mwanangu kafa au kafungwa." Zuhura akasema, "Au kanenepa. Mbona huliwazi hilo?" Lakini hakucheka alipolisema.

Kizuizini

"Hapo tu" ya Mzee Kalinga ilikuwa kupanda lori la viazi mpaka barabara ilipokwisha, halafu kutembea kwenye ukungu mpaka kwenye mti wa mwanzi uliolazwa njiani. Huo ndio mpaka wa Nyalembe. Pale walisimama walinzi wawili, pekupeku, wamevaa masweta kama watu wote wa baridi, na juu ya sweta shuka ya kijani iliyofungwa bega moja. Kila mmoja na mkuki.

Mmoja ndiye Danda, mrefu, mwenye maneno. "Kamwene, bibi! Kamwene, mama!" Nikajibu kamwene. Yule mwingine, hapo hapo aliponiona, alinigeuzia mgongo. Akavuta shuka kichwani, akaingia kichakani.

"Huyo ana nini?" nikauliza.

Danda akatazama juu. "Ndivyo alivyo, bibi."

"Ndivyo alivyo ni jibu?"

"Vua viatu, bibi, twende. Ni hapo tu."

Nikamwangalia Zuhura. Naye alikuwa ananiangalia mimi.

Tukavua viatu. Tope lilikuwa baridi linapanda mpaka magotini. Nikaweka mzigo wangu chini nipate kupumua, na nilipoinua uso mzigo haupo. Yule wa nyuma alikuwa ameshauchukua, yuko mbali, amenipa mgongo. Nikamwambia Danda aurudishe. Akasema, "Acha tu, bibi, atakubebea." Atanibebea! Mtu ambaye hataki hata nimwone uso anabeba vitu vyangu kwa wema gani?

Ndani ya msitu

Msitu ule sitaweza kuwaeleza vizuri. Miti imefungamana juu, maji yanadondoka hata kama mvua hainyeshi. Danda akiwa mbele anasema polepole sana, kama mtu aliye kanisani. Alituonyesha mti mmoja akaugusa kwa kiganja, akasema kila Mlolesi anakabidhiwa mti wake siku ya kiapo, na mti huo ukikatwa, mwenyewe hanyoi nywele mpaka ameupanda mwingine na umemfikia kifuani.

"Na Lugano ana mti?" nikauliza.

"Bibi, mambo ya Lugano atasema Bibi Sekinyaga."

Kila nilipogeuka ghafla kumtazama yule wa nyuma, alikuwa nyuma ya shina. Nikisimama, anasimama. Nikienda, anakuja. Nikamwambia Zuhura, "Huyu ndiye aliyemdhuru. Dhamira inamsuta." Zuhura akasema, "Au ni kichaa. Wametupa kichaa."

Tulifika kwenye kijito chenye mawe yanayoteleza. Danda akavuka na Zuhura. Mimi nikabaki na mguu mmoja kwenye jiwe. Nikaona mkuki unanijia kutoka pembeni. Wenzangu, nilipiga kelele mpaka ndege wakaruka! Yule wa nyuma alikuwa amegeuza uso kabisa, ameunyoosha mkuki kwa mkono mmoja bila kutazama. Zuhura akaniita kutoka ng'ambo, "Mpini, mama Lugano! Amekupa mpini! Shika!" Kweli ulikuwa mpini, ile ncha kaishika yeye. Sikushika. Niliingia majini na vitenge vyangu vyote viwili, nikavuka kwa miguu yangu.

Mbele kidogo tukasikia msumeno wa mashine. Danda alinyamaza katikati ya neno. Akasema "kaeni," na kabla hatujakaa wote wawili hawapo, wala tawi halikutikisika. Msumeno ukalia, ukalia, halafu ukazimika. Mtu akapiga kelele mara moja. Halafu kimya.

Zuhura akaanza kusoma dua zake, mimi nikaanza zangu.

Waliporudi, Danda alikuwa na mnyororo wa msumeno shingoni. Yule wa nyuma mkono wake unatoka damu. Nikamwuliza Danda, "Mmewafanya nini?" Akasema, "Wameondoka, bibi." Nikauliza wameondokaje. Akasema, "Ni hapo tu tunafika."

Hapo ndipo nilipoapa moyoni kwamba sitakula chochote cha watu hawa.

Tukapumzika kwenye jiwe pana. Yule wa nyuma akaja kwa upande, uso kauelekeza kwenye miti, akaweka jani la mgomba juu ya jiwe: viazi vitamu vya kuchoma na asali ya nyuki wadogo. Akakimbia. Narudia, alikimbia. Zuhura hakuwa amekula tangu Iringa, akanyoosha mkono. Nikaupiga ule mkono.

"Mtu anayekuwekea chakula halafu anakimbia, anakimbia nini?"

"Mama Lugano, mimi nina njaa."

"Tutajua sasa hivi kama ni chakula."

Nikachukua kiazi kimoja, nikakichovya kwenye asali, nikamfuata. Danda akasema, "Bibi, bibi, unakwenda wapi?" Sikujibu. Nilimkuta amesimama ananipa mgongo, amejiziba na shuka. Nikamwambia, "Geuka."

Hakugeuka.

"Geuka, nimesema. Mimi ni kama mama yako. Fungua mdomo, ule wewe kwanza."

Danda alidondosha mkuki. Nilisikia unavyogonga jiwe. Yule wa nyuma aligeuka taratibu, macho kayafumba, akapiga magoti kwenye tope. Akafungua mdomo. Nikakitia kile kiazi mdomoni kwa mkono wangu huu wa kulia, nikarudi hatua moja, nikamtazama kama ataanguka.

Hakuanguka. Alitafuna huku machozi yanamtoka. Nikasema moyoni, ndiyo, sumu imeanza.

Danda akatoa pembe kwenye shuka akaipuliza. Pembe nyingine ikaitika mbali ndani ya msitu, na nyingine, na nyingine. Nikamshika Zuhura mkono. "Wanaitana," nilimwambia. "Tumekwisha."

Zuhura mdomo ulikuwa umejaa kiazi. "Mbona ni kitamu?" akasema.

Kwa Bibi Sekinyaga

Tulipotokea kwenye uwanja wao, walinzi walikuwa wamejipanga pande mbili na mikuki wameielekeza ncha chini. Wanawake wanapiga vigelegele. Mtu mmoja akanitandikia mkeka. Mwingine akaniosha miguu. Kadiri walivyofurahi ndivyo nilivyozidi kuogopa. Zuhura akaninong'oneza, "Mbona kama tumekuja harusini?"

Akaja Bibi Sekinyaga, mzee kunizidi mimi, mgongo umepinda lakini mkuki anao. Na nyuma yake Lugano.

Mwanangu alikuwa mzima. Nywele fupi, shuka ya kijani, miguu peku. Mnamjua Lugano alivyokuwa hapa: hawezi kununua chumvi bila kuuliza. Nikainuka nimkimbilie, akanionyesha kiganja. "Kaa, mama," akasema. Na mimi nikakaa! Sijui nilikaaje.

Akaja akapiga magoti mbele yangu, tukashikana, tukalia. Halafu akaniuliza sikioni, "Mama, ni kweli umemlisha kwa mkono wako?"

"Nimlishe nani?"

"Mume wangu."

Nikamwambia mimi sijamwona mume wa mtu. Nimempa kiazi yule mwehu wa nyuma aonje sumu.

Lugano akakaa chini. Akajifunika uso. Mabega yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka.

Ndipo akanieleza. Huko Nyalembe mwanaume hamtazami mama wa mkewe, hasemi naye, hasimami njia moja naye, mpaka siku mama mkwe atakapomlisha kwa mkono wake mwenyewe. Siku hiyo ndipo ndoa inasimama. Na kabla ya siku hiyo hakuna anayeruhusiwa kumweleza mama mkwe, asije akalisha kwa kushawishiwa. Ndiyo maana Mzee Kalinga alitazama kikombe. Ndiyo maana kwa Danda kila kitu kilikuwa "ndivyo alivyo". Yule wa nyuma aliomba yeye mwenyewe aje kunibebea mzigo.

Wenzangu, nilijiona mjinga, kwa sababu jambo lenyewe kwetu lipo! Sisi Wanyakyusa mke wa mtoto ndiye anayemkimbia baba mkwe. Marehemu Tusekile, mke wa kaka yangu, alikuwa akisikia kikohozi tu cha baba anaingia migombani na ndoo kichwani. Lakini mwanaume na mkuki wake amkimbie mwanamke? Hilo halikunijia.

Bibi Sekinyaga akanyoosha mkono, watu wote wakanyamaza.

"Mama Lugano," akasema, "nimesikia ulilisha bila kujua. Mkono usiojua hatuuhesabu. Nakuuliza sasa, ukiwa unajua. Ukisema ule mkono haukuwa wa ndoa, binti yako anavua shuka, mnaondoka naye leo hii, na hakuna atakayewafuata. Ukisema ulikuwa wa ndoa, anabaki hapa, mlinzi na mke."

Basi niliyemfuata nimempata, na mlango umefunguliwa, hata ulimi hakuna aliyeutaja. Nikamgeukia Lugano. "Wewe unataka nini?"

"Sisemi, mama. Nikisema nataka kubaki, utasema nimelazimishwa kusema."

Ananijua. Hicho hasa ndicho ningesema.

Nikaomba yule kijana aletwe mbele. Akaja, safari hii uso wazi, macho yako chini. Mkono umefungwa majani. Nikamwambia anitazame, akanitazama. Uso wa kawaida tu, wa mtu ambaye hajalala.

"Wale wa msumeno mliwafanya nini?"

"Mmoja alikimbia, mama. Mmoja mguu ulikatwa na mashine yake wakati tunaigombania, tumempeleka zahanati ya chini."

"Atapona?"

"Sijui, mama."

Halafu nikamwuliza lile lililonitoa Mbalizi. "Nimesikia aliyekula kiapo chenu akishabaki haondoki. Siku nikifa mimi, Lugano atakuja kunizika?"

Nilimwona Lugano amefumba macho. Nilikuwa nangojea aniambie "ndiyo mama, bila shaka mama, ni hapo tu mama."

"Sijui, mama," akasema. "Kiapo hakijasema. Kama watakataza, nitawaomba. Wakikataa, sijui nitafanya nini. Sitaki kukudanganya."

Tangu Mbalizi watu walikuwa wakinipa majibu mazuri. Gari zima, mchele mpya, ni hapo tu. Huyu ndiye wa kwanza kunipa jibu baya. Nikamtazama vizuri. Kumwamini moja kwa moja, hapana, hata leo. Lakini mtu akiniambia sijui, najua nimeongea na mtu.

Mfuko wangu wa karanga alikuwa ameubeba yeye njia nzima, hajaufungua, fundo langu nililikuta lile lile. Nikaufungua. Nikatia karanga kiganjani, nikamwambia, "Fungua mdomo. Safari hii sipimi sumu."

Kurudi

Zuhura anasema nililia njia nzima mpaka kizuizini. Si kweli, lilikuwa ni tone la kwenye miti. Kwenye kijito mkwe wangu alininyooshea mpini, nikashika.

Basi la kurudi halikuharibika, na hakuna aliyetuahidi kwamba halitaharibika. Ambakisye aliniona nashuka na Zuhura tu, akasimama kama mti. "Mama, yuko wapi?" Nikamwambia yupo kwake. Bado hajaridhika, na mimi simlaumu. Nami kuna siku nikiwa napanga nyanya najiuliza kama nilifanya sawa. Lile swali la kuzikwa bado halina jibu. Bibi Sekinyaga alisema watalikalia kikao, Lugano atatuma neno kupitia Mzee Kalinga. Nasubiri.

Wale waliokuwepo, Zuhura hasa, na Mzee Kalinga akisomewa, kama kuna mahali nimechanganya mambo nisahihisheni, sitakasirika. Labda fundi alikwenda Igurusi si Chimala. Labda asali ilikuwa kwenye kibuyu. Majina yote nina hakika nayo: Osea, Festo, Mama Jeni, Danda, Sekinyaga. Mtaona moja limekosekana, na mtasema mama Lugano kazeeka, kasahau. Sijasahau. Ni mkwe wangu sasa, na jina la mkwe halitoki mdomoni mwangu.